Siri ya hotpoti: Mama anaposema ‘nimepika’, mizani ya kliniki inakataa

Saa 12 jioni, daladala iliyojaa inatoka Iringa mjini kuelekea Tosamaganga. Kwenye siti ya dirishani ameketi mama mwenye mkoba wa kazini begani. Miguuni ana hotpoti iliyofungwa kwa kanga. Ndani kuna wali na maharage yaliyoungwa vizuri, kazi ya mama lishe mmoja wa karibu na sokoni.

Akifika nyumbani hapiti sebuleni. Anaingia jikoni kwa mlango wa uani, anamimina maharage kwenye sufuria lake, anawasha jiko, anakaanga kitunguu kimoja na nusu hoho ili nyumba inukie. Baada ya dakika 20 chakula kiko mezani. Baba watoto anasifia. Mama mkwe, aliyekuja kumsalimia mjukuu, anauliza maharage yameloweshwa tangu lini hata yameiva laini namna hii.

“Tangu jana, mama,” anajibu, huku hotpoti imesukumwa nyuma ya ndoo ya maji.

Nyumba hii ni ya mfano, lakini msomaji hahitaji kwenda mbali kuipata. Wapo wanaoifanya kwa pilau ya sikukuu, wapo wanaoifanya kwa chapati za kila Jumapili. Wengine hucheka nayo saluni na kwenye vikao vya wanawake. Na kama mambo yangeishia mezani, kweli ingekuwa ni ya kuchekesha tu. Wali ni wali, uwe umepikwa na nani.

Tatizo ni kwamba katika nyumba hii yumo mtoto wa miezi 14, na keshokutwa ana kliniki.

Swali la jana

Kliniki, mtoto anawekwa kwenye mizani. Uzito ni uleule wa mwezi uliopita, na wa mwezi uliotangulia. Nesi anaangalia kadi, anaona mstari uliokuwa ukipanda sasa umelala. Anauliza swali ambalo wazazi wengi wamewahi kuulizwa: “Jana mtoto alikula nini?”

Mama anajibu bila kusita. Asubuhi uji wa lishe. Saa nne yai. Mchana ugali, samaki na mchicha. Jioni wali na maharage. Ni jibu zuri, la mwanafunzi aliyesoma bango la ukutani kabla ya mtihani.

Ukweli wa jana ni mwingine. Asubuhi mtoto alikula andazi na chai ya rangi kwa sababu mama alikuwa anawahi gari. Mchana dada wa nyumbani alimpa wali mweupe uliobaki, akaulowanisha kwa mchuzi. Hotpoti ilipofika jioni, ikamiminwa, ikapashwa na kupakuliwa, ilikuwa karibu saa mbili. Mtoto alikuwa amelala zamani.

Kwa hiyo chakula kizuri kuliko vyote kilichoingia nyumbani siku ile hakikumfikia yule aliyekihitaji zaidi. Na nesi hawezi kulijua hilo, kwa sababu ameambiwa mtoto anakula vizuri.

Hapo ndipo siri inapoanza kugharimu. Mtoto asiyeongezeka uzito ana njia mbili kubwa za kuchunguzwa: anachokula na anachougua. Ikiwa mama amesema chakula hakina kasoro, mtoa huduma ataelekeza nguvu kwenye maradhi. Atauliza kuhusu kikohozi, kuharisha, minyoo, homa. Huenda mtoto akaandikiwa vipimo. Vipimo hivyo vina maana na wakati mwingine ni lazima, lakini katika nyumba hii jibu la karibu zaidi lilibaki nyuma ya ndoo ya maji. Mama anarudi nyumbani na ushauri usiomhusu, kwa sababu alieleza maisha yasiyo yake.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kliniki ya mtoto ni mahali pengine ambapo methali hiyo ina kazi.

Mkoa wa chakula, watoto wafupi

Tosamaganga iko takribani kilomita 15 kutoka Iringa mjini. Wamisionari wa Consolata kutoka Italia walianza kazi mkoani hapa mwaka 1919, na leo kilima hicho kina kanisa, shule ya sekondari, chuo cha afya na hospitali. Wapo wakulima, wapo walimu na watumishi wa afya, wapo wanaoamka alfajiri kwenda kufanya kazi mjini.

Kinachowaunganisha ni kwamba hakuna anayeishi katika nchi ya njaa. Iringa ni mmoja wa mikoa inayolisha wengine. Mahindi, maharage, viazi, karoti, kabichi, nyanya na vitunguu hutoka hapa. Samaki huletwa kutoka Mtera. Parachichi hupatikana Mufindi na mikoa jirani ya Njombe na Mbeya.

Lakini Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wana udumavu, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Njombe na Rukwa zilifuata zikiwa na takribani asilimia 50 kila mmoja. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30.

Kinachouma zaidi ni mwelekeo. Utafiti kama huo wa mwaka 2015/16 uliikuta Iringa ikiwa na asilimia 42. Katika kipindi ambacho taifa lilishuka kutoka asilimia 34 hadi 30, Iringa ilipanda.

Udumavu maana yake ni mtoto kuwa na kimo kidogo kuliko umri wake kwa sababu ya kukosa lishe ya kutosha na kuugua mara kwa mara kwa muda mrefu. Haumwonyeshi mtoto kuwa mgonjwa. Anacheza, anacheka, ana mashavu. Lakini siku 1,000 za kwanza, tangu mimba inapotungwa hadi anapotimiza miaka miwili, ndizo ambazo ubongo na mwili hujengwa kwa kasi kubwa. Kilichopotea hapo ni vigumu kurudishwa baadaye, darasani na hata ukubwani.

Udumavu una sababu nyingi, na hotpoti ya mama mmoja haiwezi kubeba lawama ya mkoa mzima. Hutajwa chakula kisicho na mchanganyiko, maradhi, maji yasiyo salama, ulevi, na mama kulemewa na kazi hadi hapati muda wa kumlisha mtoto. Hiyo ya mwisho ndiyo inayogusa hadithi yetu. Na Iringa haiisikii leo kwa mara ya kwanza.

Iringa ilishawahi kuuliza

Mwaka 1983 Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha Njombe, ulianza mpango mkubwa wa lishe ukisaidiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF, kwa fedha za Serikali ya Italia. Ulianzia katika vijiji 168. Kila kijiji kilipima watoto wake, kikakaa chini kujadili kwa nini baadhi hawakui, kisha kikaamua cha kufanya. Baada ya muda kilipima tena. Tathmini, uchambuzi, vitendo, halafu unaanza upya.

Matokeo yake yalisomwa duniani. Kati ya mwaka 1984 na 1988, watoto wenye uzito pungufu kwa umri wao katika vijiji hivyo walishuka kutoka zaidi ya nusu hadi takribani asilimia 38. Wale wenye upungufu mkali walishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Uzoefu huo ulichangia mtazamo ambao UNICEF iliupitisha mwaka 1990 na unaotumika hadi leo: kwamba ili mtoto akue anahitaji vitu vitatu kwa pamoja, yaani chakula, matunzo na afya. Ghala likijaa, mtoto hanufaiki kama hakuna mtu mwenye muda wa kukaa naye na kumlisha.

Vijiji viligundua kwamba mama yuko shambani mchana kutwa, mtoto anakula mara mbili tu kwa siku, na tumbo lake dogo haliwezi kushika chakula kingi kwa mkupuo. Moja ya hatua zilizochukuliwa ilikuwa kuanzisha vituo vya kulelea na kulishia watoto kijijini wakati mama zao wakiwa kazini.

Yaani zaidi ya miaka 40 iliyopita, katika mkoa huuhuu, jamii ilikubali hadharani kuwa mama mmoja hawezi kulima, kuchota maji, kutafuta kuni na kupika kila mlo wa mtoto kwa mkono wake. Chakula cha mtoto kikapikwa na mikono mingine na hakuna aliyeona aibu, kwa sababu hakuna aliyedanganya. Kila mtu alijua mtoto kala nini, saa ngapi, kwa nani. Na siku ya kupima, mizani ilisoma ukweli.

Kwa nini tunadanganya

Tofauti kati ya kituo kile na hotpoti ya leo ni aibu. Na aibu hiyo ina mizizi.

Katika Kiswahili chetu mwanamume akioa tunasema amevuta jiko. Bibi harusi anafundwa, anafanyiwa kicheni pati, anapewa masufuria na miiko, anaambiwa kwamba mume hushikwa tumboni. Mama mkwe akija hukagua nyumba kwa kuonja mchuzi. Wali ukishikana au ugali ukiwa na madonge, inayohojiwa ni malezi ya binti na ya mama yake aliyemzaa.

Wakati huohuo, jiko lenyewe limebaki na saa zake zilezile. Maharage makavu kwenye mkaa yanaweza kuchukua saa mbili na zaidi. Kuni zinataka kuchochewa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034, jambo linaloonyesha kuwa bado nyumba nyingi zinapika kwa kuni na mkaa. Mama anayerudi saa moja usiku hana hizo saa mbili. Jamii haijapunguza matarajio, wala siku haijaongezwa saa.

Anayenunua chakula na kukihamishia kwenye sufuria lake, mara nyingi, hana uvivu. Amepata njia ya kulisha familia ndani ya muda alionao, ila anaogopa kuisema.

Hasara inaanza pale siri inapolazimu siri nyingine. Hela ya mboga inayotolewa nyumbani inapangwa kwa ajili ya chakula cha kupika, na tofauti inatoka kimyakimya kwenye pochi ya mama. Dada wa nyumbani anaambiwa asiseme. Chakula kinachelewa mezani kwa sababu lazima kwanza “kipikwe”, na mtoto mdogo, asiyeweza kusubiri, analala. Halafu kliniki nako inabidi hadithi iwe ileile, maana mama mkwe naye kaja, kakaa kwenye benchi, anasikiliza.

Kununua si kosa, kutojua ndilo kosa

Chakula cha mama lishe kinaweza kuwa sehemu nzuri ya mlo wa familia. Kinachotakiwa ni mzazi kujua kimeleta nini na kimeacha nini, ili aongeze kilichokosekana.

Wali au ugali na maharage ni mwanzo mzuri kabisa. Una nafaka na una jamii ya kunde. Kwa mtoto kinachokosekana ni mboga za majani, tunda, na chakula kinachotokana na wanyama. Yai la kuchemsha na kipande cha parachichi vinaziba sehemu kubwa ya pengo, na vyote viwili havihitaji ufundi wa mapishi.

Chipsi kavu ni viazi, mafuta na chumvi. Zinashibisha haraka, na mtoto akishiba hana nafasi ya kingine. Chipsi mayai ina nafuu kwa sababu ya yai, lakini kwa mtoto mdogo ni afadhali yai hilo lichemshwe peke yake na viazi vipondwe bila kukaangwa.

Andazi na chai ya rangi ni unga wa ngano, mafuta na sukari. Isitoshe, chai hupunguza uwezo wa mwili kutumia madini ya chuma yaliyo kwenye chakula, na chuma ndicho kinachosaidia kuzuia upungufu wa damu. Mtoto mdogo hahitaji chai. Maziwa au uji mzito ni bora.

Supu nayo ina mtego wake. Wazazi wengi humpa mtoto mchuzi wakiamini nguvu zote ziko humo, nyama wakaila wakubwa. Ni kinyume chake. Protini na madini ya chuma kwa sehemu kubwa hubaki kwenye nyama. Ichambue, ikatekate au ipondwe, apewe yeye.

Dagaa ni chakula cha bei nafuu chenye protini na madini mengi. Wakisafishwa, wakakaushwa na kusagwa, kijiko kimoja kinaweza kuchanganywa kwenye maharage au mboga ya kununua.

Kuna faida nyingine ya kuacha siri. Mteja anayejulikana anaweza kutoa oda. Anaweza kumwambia mama lishe ampimie maharage ya mtoto kabla hajaweka chumvi, pilipili na viungo vya pakiti. Anaweza kuomba mboga ya majani iongezwe, mafuta yapunguzwe, chakula kitoke saa kumi na moja badala ya saa kumi na mbili na nusu. Anayenunua kwa kujificha hachagui. Anabeba kilichopo na kuondoka.

Mtoto wa chini ya miaka miwili

Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama pekee, bila hata maji. Baada ya hapo mtoto anaanza chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

WHO na UNICEF hugawa vyakula vya mtoto wa miezi 6 hadi 23 katika makundi manane. La kwanza ni maziwa ya mama. Mengine ni nafaka, mizizi na ndizi za kupika, kunde, karanga na mbegu, maziwa ya wanyama na mazao yake, nyama, kuku na samaki, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A kwa wingi, kama karoti, maboga, mboga za majani na maembe, na mboga na matunda mengine. Kwa siku, mtoto apate angalau makundi matano. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 unasisitiza nyama, samaki au mayai kila siku, na mboga na matunda kila siku.

Hesabu hiyo mzazi anaweza kuifanya kwa vidole vya mkono mmoja kabla ya kulala. Mtoto wa nyumba yetu ya mfano, siku ile ya andazi na wali mweupe, alikuwa na vidole viwili tu: maziwa ya mama na nafaka.

Idadi ya milo nayo ina uzito. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 apewe chakula mara mbili hadi tatu kwa siku. Kuanzia miezi 9 hadi 23 iwe mara tatu hadi nne, pamoja na vitafunwa kama tunda mara moja au mbili. Mwenye miezi 9 hadi 11 hula takribani nusu ya kikombe cha mililita 250 kwa mlo, na akishatimiza mwaka ni robo tatu hadi kikombe kizima. Chakula kiwe kizito cha kukaa kwenye kijiko, kwa kuwa uji mwepesi hujaza tumbo maji.

Awe na bakuli lake. Mtoto anayekula sinia moja na wakubwa hajulikani amekula kiasi gani. Alishwe kwa upole, akiangaliwa na kuzungumzishwa, bila kushikwa pua wala kulazimishwa.

Na mlo wake wa jioni usisubiri hotpoti. Huu ndio ushauri mmoja ambao ungebadilisha mambo katika nyumba yetu ya mfano. Mtoto ale saa kumi na mbili, chakula kidogo kilichopangwa kwa ajili yake: kiazi kilichopondwa na yai, au maharage ya jana yaliyopashwa moto vizuri na mchicha uliokatwakatwa. Wakubwa watakula kikifika cha kwao.

Chakula cha safari

Chakula kilichopikwa kinapokaa kwenye joto la kawaida, vijidudu huongezeka. WHO hushauri kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye ubaridi au kudumishwa katika moto wa zaidi ya nyuzi 60. Hotpoti nzuri husaidia, lakini inayofunguliwa njiani mara tatu, au iliyojazwa chakula ambacho tayari kilishapoa, haisaidii kitu.

Nunua kinachotoka jikoni muda huo. Angalia kama muuzaji ana maji ya kunawa, kama sahani na vijiko vinaoshwa kwa maji safi, kama nyama mbichi iko mbali na chakula kilichoiva. Ukifika nyumbani, pasha hadi kichemke chote, si juu juu. Kupasha ili kinukie kitunguu ni kitu kingine na kupasha ili kiwe salama ni kingine. Kilichopashwa mara moja kikabaki, asipewe mtoto kesho yake.

Anayelisha na anayelishwa wanawe mikono kwa sabuni. Mtoto anayeharisha kila mara hawezi kukua hata akila makundi yote manane.

Baba naye ana kijiko

Haya yote yanadhaniwa ni mambo ya akina mama, na dhana hiyo ni sehemu ya tatizo. Baba anayejua kuwa chakula cha Jumanne na Alhamisi kinanunuliwa atapanga bajeti ya kweli. Anaweza kuwa yeye anayepita kwa mama lishe. Anaweza kulowesha maharage usiku ili Jumamosi yaive kwa mkaa kidogo, yakagawanywa kwa siku mbili tatu. Kuchemsha yai hakuhitaji kungwi.

Akiwa nyumbani mapema, anaweza kumlisha mtoto saa kumi na mbili. Na anaweza kumwambia mama yake mzazi, kwa heshima na mapema, kwamba hapa nyumbani mama watoto anafanya kazi, hivyo siku nyingine tunanunua. Neno hilo likitoka kwa mtoto wa kumzaa, mama mkwe hulipokea tofauti. Na mabibi wengi, wakiambiwa ukweli, ndio wa kwanza kusema: basi niachieni mjukuu nimkorogee uji.

Wakwe, marafiki na majirani nao wana la kufanya: kupunguza mtihani. Mgeni anayeuliza “umepika mwenyewe?” kabla ya kuuliza “mtoto anaendeleaje?” anamfundisha mwenyeji wake kudanganya.

Watoa huduma wa afya hawajaachwa nje. Mama akishawahi kugombezwa mbele ya benchi lililojaa watu kwamba anamlisha mtoto maandazi, mwezi ujao atataja samaki. Swali la jana linahitaji kuulizwa kwa sauti ya chini, kwa utaratibu, tangu mtoto alipoamka hadi alipolala: alianza na nini, nani alimpa, alimaliza au alibakiza. Likiulizwa hivyo, ukweli hupata pa kutokea.

Siku ya mizani

Turudi kwenye benchi la kliniki. Nesi ameuliza jana mtoto alikula nini. Mama mkwe amekaa pembeni.

Mama anaweza kurudia orodha ya kwenye bango, akaondoka na heshima yake na uzito uleule kwenye kadi. Au anaweza kusema: asubuhi andazi, mchana wali mtupu, jioni alilala kabla sijafika, na chakula chenyewe nilikinunua.

Jibu la pili linachukua dakika moja ya aibu. Lakini kwa jibu hilo nesi anaweza kufanya kazi: uji mzito wa maziwa badala ya andazi, dada aelekezwe mlo wa mchana, yai moja kwa siku, mlo wa jioni saa kumi na mbili, kisha mtoto arudi baada ya wiki mbili apimwe tena. Kama uzito hautapanda hata hapo, ndipo kutafuta maradhi kuna mwelekeo.

Kuhusu maharage yaliyoiva laini, mama mkwe huenda tayari alishajua. Amepika miaka 40. Anajua maharage hayaivi kwa dakika 20.